Ikisiri na Maneno ya Msingi: Namna ya Kuifanya Kazi ya Mwalimu Ipatikane

Kila mwaka wanachuo wetu huandika ripoti za uchunguzi walioufanya wakati wa mazoezi ya kufundisha. Baadhi ya ripoti hizo ni nzuri kabisa, na zinastahili kusomwa na walimu wengi. Lakini zikisha kusahihishwa huingia kabatini, na mwanachuo wa mwaka unaofuata, aliyekabiliwa na shida ile ile darasani, huanza upya kama kwamba hapana mtu aliyepata kuishughulikia. Hatusemi kwamba wanachuo ni wavivu wa kusoma. Mtu akifungua kabati lenye ripoti 200 ambazo nusu yake zina kichwa kisemacho “Matatizo ya Ufundishaji katika Shule za Msingi”, hawezi kujua aanzie wapi. Katika makala hii tunakusudia kueleza vitu viwili vidogo vinavyoweza kuiondoa shida hiyo, yaani ikisiri na maneno ya msingi.

Ikisiri ni maelezo mafupi, kwa kawaida ya maneno 150 hadi 250, yanayowekwa mwanzoni mwa makala au ripoti ili kumweleza msomaji mambo makuu yaliyomo. Maneno ya msingi ni orodha ya maneno manne hadi sita, au vifungu vifupi vya maneno, yanayotaja mada yenyewe, na ambayo kwayo kazi hutafutwa maktabani au katika kompyuta. Wengine huita ikisiri “muhtasari”, na si kosa. Lakini kwa kuwa sisi walimu tumekwisha kulizoea neno muhtasari kwa maana ya mpango wa masomo uliotolewa na Wizara, ni afadhali tulitumie neno ikisiri ili tusichanganyikiwe. Aidha, ikisiri si utangulizi. Utangulizi humwandaa msomaji aingie katika kazi, ilhali ikisiri humpa kazi yote kwa ufupi, matokeo yakiwamo, hata kama hatafungua ukurasa wa pili.

Mfano wetu mkubwa tutautoa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Wilaya ya Muheza. Ni mfano wa kilimo wala si wa elimu. Hata hivyo tumeuchagua kwa sababu uko jirani nasi, na kwa sababu unaonyesha waziwazi kwamba namna kazi inavyoitwa yaweza kumsaidia au kumkwamisha mtu anayeihitaji miaka mingi baadaye.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo pale Amani mwaka 1902. Kuanzia mwaka 1905 matokeo ya kazi za kituo yalichapishwa katika jarida lililoitwa Der Pflanzer, maana yake “Mkulima wa Mashamba Makubwa”. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kituo kikawa chini ya Waingereza, na kutoka mwaka 1935 makala nyingi za wataalamu wake zilitoka katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki lililoanza mwaka huo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 sehemu kubwa ya kazi za kilimo ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na Amani ikawa hasa mahali pa utafiti wa malaria. Jambo moja la kilimo liliendelea pale hadi miaka ya 1950, nalo ni utafiti wa magonjwa ya mihogo.

Magonjwa hayo ni mawili makubwa, na kila mtoto wa mkulima wa pwani anayajua kwa macho hata kama hajui majina yake. La kwanza ni batobato, ambalo huyafanya majani yawe na mabaka ya njano na kujikunja. La pili ni michirizi ya kahawia. Hili ni baya kwa namna yake, kwani mara nyingi mti huonekana mzima kwa juu, na mkulima hutambua hasara siku ya kung’oa, anapokata muhogo na kuukuta ndani una madoa makavu ya rangi ya kahawia usiofaa kuliwa.

Sasa tutazame vichwa vitatu vya makala. Habari ya kwanza kuandikwa juu ya batobato inatoka huku huku kwetu. Ilitolewa na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika makala ambayo kichwa chake kilisema tu kwamba ni juu ya mimea inayolimwa Usambara. Ndani yake ndimo alimotaja ugonjwa wa mihogo, akiuita kwa Kijerumani kwa jina lenye maana ya ugonjwa wa kujikunja. Michirizi ya kahawia ilielezwa na H. H. Storey wa Amani mwaka 1936. Kichwa cha makala yake kilisema kwamba ni sehemu ya sita ya mfululizo juu ya magonjwa ya virusi ya mimea ya Afrika Mashariki, na kwamba ni taarifa ya maendeleo ya uchunguzi wa mihogo. Jina la michirizi ya kahawia halimo katika kichwa hicho. Mwaka 1950 mwenzake, R. F. W. Nichols, aliandika makala nyingine ambayo kichwa chake kilitaja jina la ugonjwa, kisha mahali unapopatikana, athari za hali ya hewa, na dalili za kuutambua.

Mwanachuo afikiri mwenyewe ni ipi kati ya makala hizi tatu itakayopatikana upesi na mtu anayeuliza, “Je, michirizi ya kahawia hupatikana mahali pa namna gani?” Kichwa cha Nichols kinajibu kwamba makala inalo jibu. Kichwa cha Storey kinamtaka msomaji awe tayari anajua. Na kichwa cha Warburg kimeuficha kabisa ugonjwa. Hatuwalaumu waandishi hao. Warburg hakuwa akiandika juu ya magonjwa, na Storey alikuwa akiripoti kazi isiyokwisha. Tena desturi ya kuweka maneno ya msingi chini ya ikisiri ilikuwa bado haijaenea. Kazi hiyo ya kumfungulia msomaji njia ilifanywa na watu wengine. Kwa mfano, tangu mwaka 1922 kulikuwa na jarida lililotolewa Kew, karibu na London, ambalo kazi yake ilikuwa kufupisha makala za magonjwa ya mimea kutoka kila pembe ya dunia na kuzipangia faharasa. Siku hizi mwandishi ndiye anayetakiwa kuifanya kazi hiyo mwenyewe, na asipoifanya hakuna wa kumfanyia.

Jambo hili si la historia tu. Kwa miaka mingi ilifahamika, kama alivyoeleza Nichols, kwamba michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa nyanda za chini, usiosumbua katika sehemu zilizo juu ya mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Kisha, tangu mwaka 2004, ugonjwa ukaanza kuenea Uganda katika sehemu zilizo juu ya kiwango hicho, na baadaye katika nchi nyingine za maziwa makuu. Hapo ndipo kazi za Amani za miaka ya 1930 hadi 1950 zilipohitajika tena, kwa sababu zilikuwa kipimo cha kulinganisha yaliyopya na yaliyokuwapo. Ole wa kazi ambayo wakati wake wa kuhitajika umefika na haionekani.

Upo mkasa mwingine wa mihogo hiyo hiyo unaofundisha vizuri zaidi habari ya maneno ya msingi. Storey na Nichols walitafuta mihogo inayostahimili magonjwa kwa kuichavusha na miti ya jamii yake, hasa ule mti wa mpira ambao majani yake watu wa Tanga huyala kwa jina la kisamvu cha mpira. Chotara waliopatikana walichavushwa tena kwa mihogo ya kawaida, kizazi baada ya kizazi, na baada ya Nichols kazi iliendelezwa na D. L. Jennings. Mche mmoja uliotokana na kazi hiyo uliandikwa katika daftari za Amani kwa namba 46106/27. Mche huo ukatoka kituoni ukaenda kwa wakulima, na wakulima hawaiti muhogo kwa namba. Pwani ya Kenya ukajulikana kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo uliosifika kwa kustahimili michirizi ya kahawia, jina lake Namikonga. Ni baada ya wataalamu kulinganisha vinasaba ndipo ilipothibitika kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja.

Tazama basi: mmea mmoja, majina matatu. Mtu anayetafuta Namikonga peke yake hataipata taarifa iliyoandikwa kwa Kaleso, na anayetafuta namba hataipata yoyote kati ya hizo mbili. Mwandishi wa leo anayeandika juu ya muhogo huu na kuweka majina yote matatu katika maneno yake ya msingi anawaokolea wenzake kazi kubwa. Hali ni hiyo hiyo kwa lile ua dogo la zambarau la Usambara lililopewa jina la kitaalamu Saintpaulia mwaka 1893. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa mimea wameliweka ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Anayetumia jina jipya tu anazifunika kazi za zaidi ya miaka 120.

Turudi darasani. Ifuatayo ni ikisiri ya namna tunayoisoma mara nyingi. Tumeitunga sisi, lakini hatudhani kwamba msomaji ataiona ngeni:

“Elimu ni ufunguo wa maisha. Tangu zamani kusoma kumekuwa jambo muhimu katika jamii zote duniani. Makala hii inajadili matatizo mbalimbali ya kusoma yanayowakabili wanafunzi na mbinu za kuyatatua. Mbinu kadhaa zilitumika na matokeo yameelezwa. Mwisho, mapendekezo yametolewa kwa walimu, wazazi na serikali.”

Hakuna sentensi hata moja ya uongo hapa, na hakuna hata moja yenye habari. Sentensi mbili za kwanza zingeweza kuwekwa juu ya ripoti yoyote iliyopata kuandikwa katika chuo chochote. Tatu zilizobaki zinaahidi kwamba kitu kimo ndani, lakini hazisemi ni kitu gani. Wataalamu hutofautisha ikisiri ya kudokeza na ikisiri ya kuarifu. Ya kudokeza yafaa kwa makala ndefu ya mjadala isiyokuwa na matokeo ya kuhesabika. Kwa ripoti ya uchunguzi wa darasani, sisi tunashikilia kwamba ikisiri iwe ya kuarifu.

Tuiandike upya kazi ile ile. Shule, wanafunzi na tarakimu zote ni za kutunga kwa ajili ya somo hili:

“Uchunguzi huu ulitaka kujua kama kadi za silabi zilizotengenezwa kwa maboksi zinawasaidia wanafunzi wa Darasa la Kwanza wanaozungumza Kisambaa nyumbani kusoma sentensi fupi za Kiswahili. Ulifanyika kwa majuma 6 katika shule moja ya msingi ya Wilaya ya Muheza, kwa wanafunzi 48 wa mkondo mmoja. Kila mwanafunzi alipewa peke yake sentensi 5 za kusoma, kabla na baada ya mafunzo. Waliosoma sentensi 3 au zaidi bila kusaidiwa walikuwa 11 mwanzoni na 29 mwishoni. Wengi wa wasiofaulu walikuwa wamekosa vipindi zaidi ya 10. Kwa kuwa hapakuwa na mkondo wa kulinganisha, haiwezi kusemwa kwamba maendeleo yote yalitokana na kadi. Inapendekezwa kadi zitumiwe katika vikundi vya wanafunzi wasiozidi 8, na mahudhurio yafuatiliwe kabla ya kulaumu mbinu.”

Ikisiri hii inayo maneno takriban mia moja tu, lakini mwalimu wa Lushoto au Korogwe mwenye darasa la namna hiyo anajua mara moja kwamba kazi hii yamhusu. Anajua swali, mahali, watu, njia, matokeo na kasoro. Tunamwomba mwanachuo aiangalie hasa sentensi ya sita, inayotaja kukosekana kwa mkondo wa kulinganisha. Wanachuo wengi huiogopa sentensi ya namna hiyo, wakidhani itawapunguzia alama. Kinyume chake, ndiyo inayomfanya msomaji aziamini zile tarakimu zilizotangulia. Kuificha kasoro ni kumdhulumu mwalimu mwenzako, ambaye huenda akatumia muhula mzima wa watoto wake kwa kukuamini wewe.

Ikisiri huandikwa mwisho, kazi yote ikisha kamilika, ijapokuwa huwekwa mwanzo. Kwa kuwa uchunguzi umekwisha kufanyika, vitenzi viwe vya wakati uliopita: ulifanyika, walisoma, ilionekana. Kusiwe na jambo lolote katika ikisiri lisilokuwamo katika ripoti. Usitaje vitabu vya watu, wala usitumie vifupisho visivyojulikana nje ya nchi yetu bila kuvifumbua. KKK ni wazi kwa mwalimu wa Tanzania, lakini msomaji wa Kongo hana sababu ya kujua kwamba ni kusoma, kuandika na kuhesabu.

Sasa maneno ya msingi ya ripoti hii ya mfano. Mwanachuo wa kawaida angeandika: elimu, wanafunzi, walimu, matatizo, Tanzania. Maneno hayo ni mapana mno. Anayetafuta kwa neno “elimu” ataletewa maelfu ya kazi, na hii itakuwa imezama kati yao kama sindano katika gunia la mpunga. Sisi tungeandika: ufundishaji wa kusoma, kadi za silabi, Darasa la Kwanza, Kisambaa (Kishambaa), zana za kufundishia, Muheza. Lugha ya Wasambaa imeandikwa kwa namna zaidi ya moja, Kisambaa na Kishambaa, na katika vitabu vya kigeni Shambala. Ndiyo maana tumeweka jina la pili katika mabano, kwa kukumbuka Kaleso na Namikonga.

Kiswahili kina ugumu wake hapa, ambao vitabu vya Kizungu vya mbinu za utafiti havituambii, kwa kuwa wao hawanao. Katika Kiingereza maneno yanayotokana na kusoma huanza kwa herufi zile zile, hivyo katika faharasa ya alfabeti hukaa pamoja. Kwetu viambishi hutangulia mzizi. Kusoma utakuta chini ya K, msomaji chini ya M, usomaji chini ya U, wasomaji chini ya W, somo chini ya S. Ukoo mmoja umetawanywa katika nyumba tano. Hata kompyuta haitatui jambo hili daima, kwani ukiiandikia “walimu”, mara nyingi itakuletea palipoandikwa walimu na kupaacha palipoandikwa mwalimu. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili achague umbo la neno kwa makusudi. Ushauri wetu ni kwamba majina ya watu na vitu yawekwe katika wingi (walimu, wanafunzi, kadi), na majina ya shughuli yawe katika umbo la u- (usomaji, ufundishaji, uandishi), isipokuwa pale ambapo umbo la ku- ndilo linalotumika katika mihtasari ya Wizara. Kisha umbo lile jingine litumike katika kichwa au ndani ya ikisiri. Si lazima kila mtu akubaliane nasi juu ya umbo gani litangulie, mradi chuo kimoja kifuate kanuni moja.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitatua jambo hili kwa kutunga orodha rasmi ya istilahi. Hifadhi kubwa ya maandiko ya elimu ya Marekani iitwayo ERIC, iliyoanzishwa miaka ya 1960, ina orodha ya namna hiyo, na kila kazi inayoingizwa hupewa maneno kutoka humo. Mwandishi hatumii neno alipendalo tu, bali lile lililokubaliwa. Hakuna sababu ya chuo kutokuwa na orodha yake ndogo ya Kiswahili ya maneno 100 hivi. Ndani yake ingeelekezwa kwamba anayetafuta “vifaa vya kufundishia” aende “zana za kufundishia”, na anayetafuta “kukimbia shule” aende “utoro”.

Tahadhari nyingine ni juu ya majina yanayopita na wakati. Kazi nyingi za miaka ya 1970 ziliandikwa kwa neno UPE, nyingi za miaka ya 2000 kwa neno MMEM. Zote mbili zaweza kuwa zinazungumzia jambo moja, yaani madarasa yaliyofurika watoto kupita uwezo wa mwalimu. Mwandishi anaweza kulitaja jina la mpango wa siku zake, lakini aliweke pamoja na jina la jambo lenyewe, kama vile “msongamano wa wanafunzi darasani”, ambalo bado litaeleweka mpango ukisha badilishwa.

Zimebaki ripoti za zamani. Hizo nazo zaweza kuandikiwa ikisiri na maneno ya msingi hata sasa, na ni zoezi zuri kuliko mengi tunayowapa wanachuo. Wanachuo wawili wawili wapewe ripoti moja, kila mmoja aisome na kuandika ikisiri yake bila kuiona ya mwenzake, kisha walinganishe. Pale wanapotofautiana juu ya matokeo, mara nyingi ni kwa sababu ripoti yenyewe haikuyasema waziwazi. Wakubaliane, waandike ikisiri moja katika kadi pamoja na jina la mwandishi, mwaka, na maneno ya msingi sita. Kadi nyingine ndogo ziandikwe, moja kwa kila neno la msingi, zikielekeza kwenye namba ya ripoti kabatini. Darasa la wanachuo 40 laweza kumaliza ripoti 20 katika alasiri mbili.